Rudia Ukurasa wa Saba

Pale wizarani walikuwapo watu wanaolipwa kusema na watu wanaolipwa kunyamaza, na katikati yao alikuwapo mwanamke mmoja wa miaka ishirini na saba aliyelipwa kusoma kwa sauti. Kitambulisho chake kilikuwa na cheo kirefu cha kujaza mstari na nusu, lakini korido nzima ilimwita Msomaji, na nyumbani dada yake alimwita Kasuku.

"Kasuku wa serikali," dada mtu alipenda kumtania. "Asubuhi anameza maneno ya watu, mchana anayatema, jioni anarudi kwangu na njaa yake ileile."

Kazi yenyewe ilizaliwa na aibu. Miaka thelathini na minne nyuma, mawaziri wa wakati ule walitia saini mkataba wa urafiki na Taifa Kubwa. Kurasa sitini za lugha ya wageni zilimalizwa kwa robo saa, maana chakula cha mchana kilikuwa kinapoa. Zikajengwa shule kumi na mbili, watu wakapiga makofi. Miaka miwili baadaye wapima ardhi walipanda mlima mmoja kuweka alama zao, wakakuta uzio, mbwa, na kijana wa kigeni mwenye bunduki aliyewaambia kwa adabu zote kwamba mlima si wao. Ulikuwamo kwenye ukurasa wa arobaini na tatu. Hadi leo barabara ya kaskazini inauzunguka mlima ule kwa kilomita tisa, na kila dereva anayeuzunguka hutamka neno lisiloandikika.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wakubwa waliofuata wakaweka kanuni: hakuna mkataba utakaotiwa saini kabla ya kusomwa wote, kwa sauti, kwa lugha ya nchi, mbele ya wenye kutia saini. Msomaji atasimama. Hatapandisha sauti wala kuishusha ili kuonyesha anachokipenda au anachokichukia. Na mtu yeyote aliyemo chumbani akisema "rudia", Msomaji atairudia aya ile, na hakuna ruhusa ya kumuuliza aliyesema kwa nini amesema. Wageni waliiona kanuni hii kama mchezo wa watoto. Wenyeji waliokuwa wakiuzunguka mlima hawakucheka.

Sasa Taifa Kubwa lilikuwa limegeuka. Lile taifa lililotembea duniani likigawa dawa, vitabu na ushauri, hata kwa asiyeuomba, lilisema redioni bila kupepesa macho: tumechoka kuwa baba wa kila mtu, kuanzia leo tukitoa kitu lazima kituletee kitu. Ghala lake la dawa nyuma ya hospitali kuu lingefungwa baada ya siku tisini. Katika ghala hilo ndimo vilimotoka vidonge vya kufubaza virusi ambavyo dada yake Msomaji alivimeza kila siku saa moja asubuhi, mwaka wa kumi na moja sasa, bila kukosa hata siku moja.

Ilipobaki siku arobaini na moja, Mkuu wa Kitengo alimwekea Msomaji bahasha nene mezani. Ilikuwa saa nne asubuhi.

"Taifa Kubwa limerudi mezani," alisema. "Wao wanataka uwanja wa ndege wa nyandani, ule wa zamani wa jeshi. Wakiupata, dawa zinaendelea. Kesho saa tatu unasoma, Waziri anatia saini, watu wanapona. Na usihangaike, umeshatafsiriwa."

"Nani ametafsiri?"

"Wao wenyewe. Mtu wao, mashine yao, sijui. Lugha ni lugha, bibie."

Msomaji alikuwa ameshaifungua bahasha. Alikuwa na stashahada moja tu, lakini aliipata kwa kuchimba lugha kama mtu anayechimba kisima, na neno lililooza alilisikia harufu kabla ya kulifikia. Karatasi zile zilikuwa na harufu. Kila neno lilikuwa sahihi, na sentensi nzima ilikuwa ukungu. Kwenye ukurasa wa saba alisimama, akasoma mara moja, mbili, tatu:

*Upande wa Kwanza utadumisha mamlaka ya kipekee ya uratibu wa harakati zote za vyombo vya anga ndani ya eneo husika kwa kipindi chote cha utekelezaji, kwa kuzingatia taratibu zitakazobainishwa.*

"Mtu akisomewa hivi anasinzia," alisema.

"Akisinzia si atatia saini upesi?"

"Mkuu, kanuni inasema lugha ya nchi. Hii ni lugha ya nani?"

Mkuu wa Kitengo alivuta kiti, akakaa, akavua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyebakiza miaka miwili astaafu na aliyetaka dawa ziendelee, kama kila mtu.

"Kanuni inakuruhusu kuandaa matini yako, nakubali. Iandike. Kesho saa mbili utanipa moja kati ya hizo mbili, yao au yako, nami nitaipiga muhuri. Lakini fikiri kwanza. Waziri anataka saini, Taifa Kubwa linataka saini, wagonjwa wanataka dawa. Wewe unataka nini?"

"Nataka isikike."

"Na nyumbani kwako," alisema polepole, akisafisha miwani ambayo haikuwa chafu, "si una mtu?"

Ni neno ambalo mtu mwingine angelisema angepigwa kibao. Msomaji aliinamia kazi. Hadi saa tisa alikuwa ameshautoa ukungu wote. Ile sentensi ya ukurasa wa saba ilikuwa sasa hivi: *Kwa miaka hamsini, hakuna ndege itakayotua wala kuruka katika uwanja huu mpaka wao waruhusu. Hata ndege yetu. Hata ikiwa imebeba mgonjwa. Utaratibu wa kuruhusu watauandika wao, baadaye.* Na ile ya ukurasa wa tisa, iliyojificha nyuma ya maneno kumi na manne yenye silabi sita sita, ilikuwa hivi: *Watatupa dawa kwa miaka mitano. Wakitaka kuacha, watatuarifu siku thelathini kabla, na hawatalazimika kueleza sababu.*

Aliitazama kazi yake akaona ni nzuri. Akaitazama tena akaona inaweza kuua.

Alimkuta dada yake kwenye karakana, au tuseme alimsikia kwanza, maana fundi wa kuchomelea husikika kabla ya kuonekana. Watu walimwita Cheche. Wazazi walipofariki alikuwa na miaka kumi na tisa, mdogo wake saba. Akaacha shule, akaomba kazi kwa fundi mmoja aliyemwambia chuma si mapishi. Leo fundi yule alikuja kwake kuazima mashine. Stashahada ya Msomaji ilijengwa kwa mageti. Kuna mitaa mitatu ambayo angeweza kupita akionyesha, geti lile ni muhula wa kwanza, lile la maua ni mtihani wa mwisho.

Cheche alizima moto, akainua kinga ya uso.

"Kasuku! Mbona umenyonyoka manyoya?"

"Nimechoka tu, dada."

"Mchovu huwa anakaa. Wewe umesimama kama mlingoti." Alifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono. "Haya, nikupe habari zangu. Nimetoka kliniki. Nesi amenipa vya wiki mbili badala ya miezi mitatu. Eti tugawane vilivyopo. Nikamwambia, mwanangu, mimi ni fundi, sitishiki na kipimo kifupi."

Alicheka mwenyewe. Msomaji hakucheka. Mkoba wake ulikuwa na matini mbili, na ubavu wake uliusikia uzito wa kila moja.

"Dada, nikikuuliza kitu…"

"Usiniulize ya wizarani. Sitaki ufukuzwe ukaja kunilia hapa, machozi yanaozesha chuma. Niambie moja tu. Umekasirika au unaogopa?"

"Vyote."

"Unamwogopea nani?"

Msomaji aliangalia chini, kwenye vipande vya chuma. Hapo Cheche aliacha mzaha. Alivua glavu moja, kisha ya pili, akaziweka juu ya geti.

"Ahaa," alisema. "Basi nisikilize, maana sitarudia. Mimi nilikusomesha ili ujue kusoma. Sikukusomesha ili ujue kuruka kurasa. Ukiruka ukurasa kwa ajili yangu, kidonge kitanikwama hapa." Akagusa koo. "Sasa nishikie hii nondo, una mikono miwili kama watu."

Asubuhi, saa mbili kamili, Msomaji alimpa Mkuu wa Kitengo matini yake mwenyewe. Mkuu alisoma ukurasa wa saba, akapumua kwa pua, akapiga muhuri.

"Biashara hii ikifa," alisema, "umeiua wewe."

"Ikifa, ilikuja mgonjwa."

Kanuni ilitaka upande wa pili nao uhakiki. Mjumbe wa Taifa Kubwa alikuwa mwanaume wa miaka hamsini na kitu, mvi kichwani, suti isiyo na kosa. Alijua lugha. Katika siku zile ambazo taifa lake lilituma vijana duniani kuonyesha sura yake nzuri, alifundisha hesabu miaka mitatu katika shule mojawapo kati ya zile kumi na mbili. Mlangoni alikutana na mpika chai wa wizara, mwanamke wa miaka sitini na miwili aliyeitwa Bi Birika na aliyemjua tangu enzi zile, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ewaa, umezeeka!"

Mjumbe akacheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana. Kisha akaketi, akafungua matini ya Msomaji, na kicheko kikaisha taratibu kama maji kwenye mchanga. Kwenye ukurasa wa saba alikaa muda mrefu. Akaichukua ile yao, akailinganisha. Wasaidizi wake wawili walimwuliza kitu kwa lugha yao, akawainulia mkono wangoje. Alimwinulia Msomaji macho.

"Umeandika wewe?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Kama kuna kosa, nionyeshe."

Kukataa kulikuwa rahisi. Neno moja tu, "si sahihi", na wangerudi kwenye ukungu wao. Mjumbe alizungusha kalamu.

"Hakuna kosa," alisema mwishowe, akatia saini ya uhakiki.

Chumba cha mikataba kilikuwa na meza ndefu iliyokwanguliwa na pete za vizazi vitatu, viti ambavyo ngozi yake ilipasuka upande wa ukutani tu ili wageni wasione, na kiyoyozi kilichodondosha maji kwenye ndoo nyuma ya pazia. Waziri aliingia saa tatu na dakika mbili. Alikuwa mwanamke mfupi, na alipoketi alipenda kuvua viatu chini ya meza, siri ambayo wizara nzima iliijua.

Msomaji alisimama, akaanza. Alisoma kama maji yanavyotiririka kwenye mfereji, bila kupanda wala kushuka. Ukurasa wa kwanza ulikuwa salamu. Wa pili, maana za maneno. Wa tatu mpaka wa sita, mipaka ya uwanja, barabara, maji, umeme. Waziri alikuwa akichorachora kwenye karatasi. Usiku alikuwa safarini na macho yake yalikuwa mekundu. Wanasheria walifuata kwa kidole. Bi Birika alizunguka nyuma ya viti akimimina chai.

Alifika ukurasa wa saba. Sauti ilibaki palepale. *Kwa miaka hamsini, hakuna ndege itakayotua wala kuruka katika uwanja huu mpaka wao waruhusu. Hata ndege yetu. Hata ikiwa imebeba mgonjwa…*

Akamaliza aya. Hakuna aliyesema kitu. Waziri aliendelea kuchora. Mwanasheria mmoja alikuwa ameinamia kikombe. Msomaji hakuruhusiwa kusema, wala kukohoa, wala kutazama mtu. Aliruhusiwa kugeuza ukurasa tu. Kidole chake kikashika pembe ya karatasi. Akamwona dada yake, saa moja asubuhi, glasi ya maji mkononi. Ukurasa ukigeuka, vidonge vitakuja. Hajaruka chochote. Amesoma yote. Nani atamlaumu?

Mlio wa chai ukakatika.

"Rudia," alisema Bi Birika.

Msaidizi mmoja wa Mjumbe aligeuka, akaliona birika, akaiona aproni, akacheka. "Huyu naye ni nani?" aliuliza kwa lugha yake, na mkalimani wao akalitafsiri swali kabla hajafikiri.

"Ni mtu aliyemo chumbani," alisema Waziri. Kalamu yake ilikuwa imesimama. "Msomaji, umesikia. Rudia."

Msomaji akarudia, neno kwa neno.

"Rudia tena," alisema Waziri, safari hii akiwa ameinua kichwa chote.

Akarudia mara ya tatu. Kila mtu sasa alisikia, hadi ndoo nyuma ya pazia ilisikika. Akaendelea na ukurasa wa nane, akafika wa tisa, akasoma habari ya siku thelathini. Hapo hakuna aliyesema rudia. Waziri alikuwa amekwishafunika kalamu yake kifuniko, tii!

"Mjumbe," alisema, "hivi ndivyo mlivyokusudia?"

"Ndivyo, Mheshimiwa. Nimehakiki mwenyewe."

"Na ile tafsiri yenu? Mbona mimi niliisoma jana sikuliona hili?"

"Lilikuwamo. Ila…" Mjumbe alitafuta neno, akalipata. "Lilivaa koti."

"Kwa nini hukumkataza huyu binti kulivua?"

"Ningesema amekosea, na hakukosea. Lugha hii ilinilea miaka mitatu, Mheshimiwa. Naweza kupatana ndani yake. Kudanganya ndani yake, hapana."

Waziri aliegemea kiti.

"Zamani mlikuwa mkija hapa mnatuambia mnatupenda."

"Nilikuwa mmoja wao, na niliamini. Lakini nchi si mtu. Kwetu watu wanauliza, kila tunachotoa kinatuletea nini? Nimetumwa na swali hilo. Sikutumwa na mapenzi."

Wenyeji wakajikunja vitini kama watu waliotukanwa. Waziri peke yake alicheka, kicheko cha kweli cha tumboni.

"Umenifurahisha, unajua? Mama yangu aliuza vitambaa sokoni. Nimekulia chini ya meza yake. Alikuwa akisema, mteja wa kumwogopa ni yule anayeanza na 'mama, mimi nakupenda tu'. Huyo huna pa kumshika. Lakini akija anayesema nataka hiki na nina hiki, mvutie kiti haraka! Miaka thelathini na minne mmetupa zawadi, na sisi tukashukuru, na mlima ukaenda. Leo mmekuja na maslahi yenu mkononi, peupe. Vizuri sana. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Sikulaumu kwa kuvuta. Kosa lilikuwa letu, sisi tulikuwa hatuvuti. Tulikuwa tunawashikia ngoma."

"Ghala linafungwa baada ya siku arobaini," alisema Mjumbe taratibu. "Sisemi kwa kutisha. Ni tarehe."

"Tarehe naijua." Kwa mara ya kwanza sauti ya Waziri iliteremka. "Kuna watu wangu laki nne kwenye tarehe hiyo. Na wewe unajua ni nani mwingine anayeuulizia uwanja ule. Miaka hamsini kwa siku thelathini? Rudini nyumbani, mkaandike tena. Na mwandike kama huyu binti alivyosoma."

Wageni waliondoka, chai haijaguswa. Korido ilikuwa kimya kama nyumba iliyofiwa. Mkuu wa Kitengo alimpita Msomaji bila kumtazama, kisha akarudi hatua mbili.

"Ulisoma vizuri," alisema, kama mtu anayetema mfupa, akaenda zake.

Bi Birika alikuwa akikusanya vikombe.

"Mama, ulijuaje?" Msomaji alimnong'oneza. Kanuni ilikataza kuuliza chumbani, lakini korido si chumba.

"Sikujua kitu! Nilisikia ndege yetu itabisha hodi kwetu. Nikadhani mvuke umeniingia masikioni."

Jioni redio ilisema mazungumzo yamevunjika kwa sababu ya masharti ya uwanja. Cheche aliizima, akaendelea kukata mboga. Kisu chake kilikuwa kikienda haraka kuliko kawaida.

"Walitaka geti letu, komeo likae upande wao," alisema. "Kazi kama hiyo hata mimi ningeikataa, na mimi sikatai kazi."

"Dada, umekasirika?"

"Naogopa, Kasuku. Mimi si sanamu." Kisu kikasimama. "Usiku nitahesabu vidonge, najijua. Lakini wewe ulisoma?"

"Neno kwa neno."

"Basi osha mikono tule."

Zilipita siku tisa. Usimwulize Msomaji alizipitishaje. Aliwaona watu wamepanga foleni nje ya kliniki, kila mmoja na kikopo chake, na mmoja akamsalimu kwa tabasamu asijue anamsalimu nani. Alijiuliza mara elfu ingekuwaje kama ukurasa ungegeuka tu. Kila saa moja asubuhi alisikia maji yakimiminwa jikoni, akabana macho.

Siku ya kumi Mjumbe alirudi. Mkataba ulikuwa umekonda, kurasa kumi na moja zimebaki sita, na tafsiri ilikuja na kijikaratasi chenye mwandiko wake: *Naomba Msomaji aiandike mwenyewe. Uhakiki nitafanya mimi.* Msomaji aliiandika. Mkataba wenyewe haukuwa asali tupu. Taifa Kubwa lilivuta ngozi vilivyo: lingekaa uwanjani miaka kumi, na hakuna dola nyingine kubwa ingeweka jeshi pale kwa muda huo. Waziri aliunywa uchungu huo kwa macho makavu. Lakini mnara wa kuongozea ndege ungekuwa na mwenyeji kwenye kila zamu, na funguo za ghala la dawa zingekabidhiwa wiki ileile.

Chumba kilekile, ndoo ileile, saa tatu na dakika mbili. Msomaji alisimama, akasoma.

"*Ndege za nchi hii zitatua na kuruka bila kuomba ruhusa ya yeyote.*"

"Rudia," alisema Bi Birika.

Chumba kikashtuka. Mwanasheria akadondosha kalamu. Msaidizi wa Mjumbe, ambaye safari hii hakucheka, alianza kupekua kurasa kutafuta mtego. Msomaji akarudia. Waziri akageuka nyuma, akasubiri.

"Kanuni haituruhusu kumuuliza mama sababu," alisema Mjumbe kwa wasiwasi.

"Kuniuliza haiwaruhusu," Bi Birika alijibu, akiinua birika. "Kujisemea hainikatazi. Nilisikia vizuri tangu mara ya kwanza. Nilitaka kulisikia tena tu. Nani mwingine nimwongeze chai?"

Waziri alicheka kwanza, kisha Mjumbe, kisha meza nzima. Msomaji hakuruhusiwa kucheka, akauma shavu kwa ndani na kuendelea na aya ya dawa: "*Watatupa dawa kwa miaka mitano, na hawawezi kuacha kabla ya hapo. Baada ya hapo tutajitegemea, na viwanda vyetu vimepewa ruhusa ya kuzitengeneza kuanzia leo.*" Sauti yake haikupanda wala kushuka. Saini zikapigwa.

Kesho yake mkataba ulichapishwa gazetini, kila neno, kwa hiyo haukuwa siri tena. Msomaji aliupeleka karakana. Cheche aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, miguu wazi, na Msomaji akausoma wote akiwa amesimama kati ya mageti, kwa sababu hakujua kusoma mkataba akiwa amekaa.

"Miaka mitano," alisema Cheche. "Mageti mangapi hayo! Na funguo za ghala?"

"Zimeshakabidhiwa."

"Komeo upande wetu?"

"Upande wetu."

Cheche alichukua gazeti, akalisogeza karibu na macho, akaweka kidole cheusi kwenye mstari mmoja. Kidole kiliacha alama.

"Huu wa ndege zetu. Maneno haya ni ya Waziri?"

"Mambo ni ya Waziri. Maneno ni yangu."

"Yako wewe? Wakubwa wote wale wakatia saini chini ya maneno yako?"

"Ndiyo, dada."

Cheche alilikunja gazeti mara nne, akaliingiza mfuko wa kifuani, ule wenye kitufe. Akasimama, akavaa glavu.

"Kasuku haandiki," alisema. Akashusha kinga ya uso, akawasha moto.